Wahudumu wa afya tusio madaktari wala manesi, mzigo wetu wa kazi unapimwaje? Nimepiga hesabu imenigeuka

Fizio wa Wodini (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu tutaonana nyuzi nyingine.

Nipo hospitali moja ya rufaa ya mkoa, sitaitaja, idara ya fiziotherapia. Tupo watatu. Kwenye kikao cha menejimenti mkuu wetu wa idara akaomba mtu mmoja wa kuongeza, akaulizwa swali moja tu, mnaona wagonjwa wangapi kwa siku? Akajibu arobaini na kitu. Akaambiwa daktari mmoja pale OPD (wagonjwa wa nje) anaona arobaini peke yake, nyie watatu mnalia nini. Kikao kikasonga mbele wakaanza kujadili jenereta.

Sasa mimi iliniuma, maana mgonjwa wa daktari na mgonjwa wangu wote ni "1" kwenye ripoti ila hawafanani hata kidogo. Niwape mfano wa jana. Wodi ya wanaume ghorofa ya pili, mzee wa kiharusi, upande wa kulia wote umelala. Nafika anaogeshwa, nasubiri. Wanamaliza, ndugu yake katoka kwenda kununua uji kwahiyo hakuna wa kunisaidia kumgeuza, naenda kumuomba nesi, nesi mwenyewe yupo peke yake na dawa za saa nne. Mwisho ndugu anarudi, tunamkalisha kitandani, presha inashuka jasho linamtoka, tunamlaza, tunasubiri, tunamkalisha tena. Namfundisha yule ndugu namna ya kumgeuza na kumuwekea mto chini ya bega maana usiku mimi sipo. Kutoka pale zaidi ya dakika 40. Rejista yetu, ambayo tulichora wenyewe kwa rula kwenye kaunta buku, inaandika mstari mmoja. Mama wa goti aliyekuja OPD nikamwekea joto nikamuonyesha mazoezi mawili akaondoka, naye mstari mmoja.

Basi nikaamua kutafuta njia ya kisomi. Nikakutana na hii WISN ya Shirika la Afya Duniani, njia ya kukokotoa watumishi wanaohitajika kutokana na mzigo wa kazi, mwongozo wake wa kwanza ulitoka 1998 ukaandikwa upya 2010, na hata wizara yetu imewahi kuitumia. Sio ngumu. Unaanza na muda ambao mtumishi mmoja kweli yupo kazini kwa mwaka. Wiki 52 mara siku 5 ni 260, toa likizo siku 20, toa sikukuu zinazoangukia siku za kazi nimeweka 13, toa kuumwa na dharura 5, toa semina 6, unabaki na siku 216. Mara saa 8 unapata saa 1,728. Huyo ndio mtumishi mmoja.

Halafu unaorodhesha kazi zenu kubwa, kila moja inachukua dakika ngapi na kwa mwaka mlifanya ngapi. Sisi mwaka jana: wagonjwa wapya wa OPD 1,440, marudio 5,184, wodini 3,888, watoto wenye mtindio wa ubongo 864. Nikachukua simu nikaweka saa ya kuhesabu, wiki mbili nzima nikawa nawapima wenzangu na wao wananipima mimi. Mpya tukapata wastani dakika 25, marudio 17, wodini 22 (yule mzee wa jana ni wa kipekee kidogo), watoto 33.

Ukijumlisha unapata kama mtu 2.3. Juu yake unaongeza kazi ambazo wote tunafanya lakini hazihesabiki kwa mgonjwa, kikao cha asubuhi, kuandika kwenye mfumo, fomu za bima, kufuta vitanda, kujaza PEPMIS (mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa mtumishi), nikakadiria asilimia 20 ya muda. Hapa hauongezi 20 juu kama VAT, unagawanya kwa 0.8. Inakuja 2.87. Mwisho ongeza kazi za mkuu wa idara peke yake, saa mbili kila siku za vikao, bajeti na wanafunzi wa fildi, hiyo ni robo mtu.

Jumla 3.1.

Tupo watatu. Yaani hesabu yangu mwenyewe imeniambia tupo kamili! Nimekaa nikaangalia ukuta. Sijamuonyesha mtu yeyote hili karatasi. Na mimi ninavyotoka pale saa tisa na nusu mgongo wenyewe unahitaji fizio. Wajuzi, nimekosea wapi?

mlalahoi_TZ

Hujakosea popote mkuu, mpo kamili 😂 Kwanza nyie fizio nikija saa nane mchana nakuta kitasa kimefungwa. Leo unataka mtu wa nne wa nini, wa kufunga mlango?

Kijana wa Mionzi

😂😂 huyu jamaa. Ila mkuu mleta uzi umenigusa. Sisi eksirei nako ni hivyo hivyo, ripoti inataka idadi ya picha tu. Picha ya kifua ya kijana anayeenda kupima afya ya chuo, anasimama, anavuta pumzi, dakika tano kwisha. Njoo sasa na ajali ya bodaboda saa saba usiku, paja, nyonga, shingo, mgonjwa analia hataki kuguswa, halafu wanakupigia simu ICU wanataka mashine ya kusukuma uipeleke huko na lifti ni mbovu. Zote ni picha. Nafuatilia uzi.

hadubini40

Mleta uzi pole, na hongera maana wengi wanaishia kulalamika tu. Mimi nipo maabara mwaka wa kumi na tisa na hii WISN tuliifanya mara mbili, mara ya kwanza tukaanguka kwenye shimo hilohilo ulilomo wewe.

Fomula yako haina shida. Shida ni hizo dakika. Umewapima watu watatu wanaofanya kazi ya watu watano, wakiwa mbio, halafu ukachukua mbio zao ukaziita kiwango. Kaka, ukifanya hivyo jibu litakuwa SIKU ZOTE idadi ya watu mliopo. Mngekuwa wawili mngekimbia zaidi, marudio yangekuwa dakika 11, na hesabu ingekuambia wawili wanatosha. Umepima saizi ya shati kwa kumvalisha mtu shati lililombana.

Mwongozo wenyewe unasema muda wa kazi unapangwa na watu wenye ujuzi wa kada hiyo, wakae mezani wakubaliane kwamba mtu aliyesomea, mwenye bidii ya kawaida, akifanya kazi hii vizuri kwa mazingira ya hapahapa kwetu, sio ya Ulaya, anatumia dakika ngapi. Saa ya simu inakusaidia tu kujua mmetoka mbali kiasi gani na hicho kiwango.

Mfano wa kwetu. Slaidi za makohozi za TB kwa darubini, kiwango kinachojulikana ni mtu mmoja asizidishe 20 mpaka 25 kwa siku. Sio kwamba hawezi kusoma 60, anaweza, nishawahi kuwaona. Ila jicho likichoka linapita juu ya mdudu bila kumuona, na yule mgonjwa anarudi nyumbani na karatasi ya "hana". Sasa ukija na saa yako siku ambayo dada wa watu kasoma 60 utasema maabara ina watu wengi.

Halafu kitu kingine tulichokosea, kusubiri mashine sio kazi. Jinixpati, ile mashine ya kupima TB, inachukua karibu saa mbili kutoa jibu, wenzangu wakaandika saa mbili kwa kila sampuli, tukaonekana tunahitaji jeshi. Mkono wa mtu pale ni kuandaa sampuli na kupakia, baada ya hapo anaendelea na mengine. Kwahiyo usidanganye chini wala juu.

Mnyamwezi Leicester

Salaam kutoka kwenye baridi. Nami ni fizio, nimesomea KCMC Moshi, sasa nipo huku Uingereza mwaka wa saba.

Naunga mkono hadubini40, dada umemaliza. Niongeze tu kwamba huku viwango vimeandikwa, kwahiyo mkuu wa idara haendi kikaoni kusema tunachoka, anaenda na karatasi. ICU mwongozo unasema fizio mmoja kwa vitanda vinne. Kiharusi, zamani ilikuwa dakika 45 kwa siku kwa kila aina ya tiba anayohitaji, mwongozo wa 2023 ukapandisha hadi saa tatu za tiba kwa siku kwa ujumla wake, siku tano kwa wiki. Msidhani tunazifikia, wodi niliyopo mimi hatujawahi hata kuzikaribia. Lakini tofauti ni kwamba pengo linaandikwa na linasomwa, halibebwi na mgongo wa mtu kimya kimya.

Pia kila mmoja wetu ana mpango wa kazi wa wiki, saa hizi ni za wagonjwa moja kwa moja, saa hizi za kufundisha, za kusoma na ukaguzi wa ubora. Mkubwa akitaka kuongeza kliniki mpya anaulizwa, saa hizo zinatoka kwenye boksi gani?

mlalahoi_TZ

Sawa wakuu nimeelewa, natania tu. Ila swali la kitasa halijajibiwa.

Fizio wa Wodini

@mlalahoi_TZ jibu la kitasa: saa nane wawili wapo wodini mzunguko wa pili, na mmoja anajaza fomu za bima kwenye chumba cha ndani. Na nikiri, wapo wanaofunga wakaondoka kweli, siwezi kuwatetea wote.

@hadubini40 dada sijui nikushukuru vipi. "Shati lililombana", nimecheka peke yangu kwenye daladala. Jana tumekaa watatu na mwalimu wetu mmoja mstaafu tukamuita, tukabishana mpaka chai ikapoa. Huyo mzee alikuwa anatupunguza, kila tukisema saa nzima anasema weka dakika 40, acheni uroho. Tukakubaliana: mpya 45, marudio 30, wodini 40 pamoja na kutembea na kusubiri, watoto 60 maana mama lazima afundishwe naye.

Nikarudia kila kitu, idadi za wagonjwa zilezile:

Wapya, mtu mmoja anaweza 2,304 kwa mwaka, tulikuwa nao 1,440, hiyo ni 0.625.
Marudio, anaweza 3,456, tulikuwa nayo 5,184, ni 1.5.
Wodini anaweza 2,592, tulikuwa nao 3,888, ni 1.5.
Watoto anaweza 1,728, tulikuwa nao 864, nusu mtu.

Jumla 4.125, gawanya kwa 0.8 ni 5.16, ongeza ile robo ya mkuu wa idara, 5.41.

Halafu nikafanya hesabu kinyumenyume. Watu watatu, ukitoa kazi za makaratasi na za mkuu, saa tulizonazo kwa wagonjwa ni kama asilimia 53 ya saa zinazotakiwa. Nusu saa ya marudio ukiizidisha kwa hiyo unapata dakika 16. Saa ya simu ilikuwa imenipa 17! Yaani zile dakika 13 zilizopotea kila siku kwa kila mgonjwa zipo, anazilipa mgonjwa. Anakuja mara kumi na mbili kwa kitu ambacho kingeisha kwa mara saba, nauli yake na siku yake ya kazi.

Sasa swali dogo, 5.41 ni watano au sita?

hadubini40

Ni watano. Kwenye mwongozo kuna jedwali la kukata desimali kwa namba ndogo, kati ya 5.0 na 5.5 unashusha kuwa 5, ikivuka 5.5 ndio sita. Msipende kujipandishia, mtu wa hesabu akikukamata hapo ameharibu na yale ya kweli. Kwahiyo mpo 3 kwa 5, uwiano 0.6.

MsaMwenye

Huku Mombasa niko occupational therapy, nyinyi mwasema mtoa tiba kwa vitendo. Mwenzenu niko peke yangu, sasa hata hiyo uwiano nitatoa vipi jamani. Nikienda likizo idara yaenda likizo pia. Lakini mimi nataka niulize, hao wagonjwa ambao hawaletwi je? Sababu madaktari washajua niko mmoja, hawaniandikii tena. Kwa vitabu yaonekana kazi ni kidogo, kumbe watu washakata tamaa.

Fizio wa Wodini

Aisee umenikumbusha. Nilichukua kitabu cha wodi namba 14, mwezi mmoja tu. Kiharusi walilazwa 19, walioandikiwa fizio ni 11. Wanane hao hawapo popote kwenye hesabu yangu. Niwaongeze?

Katibu Tarafa ya Pili

Nimekaa pembeni nasoma toka juzi, acha niseme kidogo. Mimi ni katibu wa afya, ndio huyohuyo mnayemsema kwenye magrupu yenu ya WhatsApp.

Hao wanane usiwaongeze kwenye hesabu kuu. WISN inatumia takwimu za huduma zilizotolewa, ukichanganya na ambazo hazikutolewa mtu atakuuliza chanzo na utaanza kujikanyaga. Waweke ukurasa wa pili peke yao, kichwa chake "ambao hatukuwafikia", na nakala ya kitabu. Ukurasa huo ndio mganga mfawidhi atausoma, nakuhakikishia.

La pili, jueni tunavyofikiri upande huu. Ukileta 0.6 yako, maabara wanaleta 0.5, manesi wa wodi ya wazazi wanaleta 0.4, mimi nina kibali cha watu wawili kwa hospitali nzima. Ikama (idadi ya watumishi mnayotakiwa kuwa nayo kimwongozo) inaweza kusema mnatakiwa sita au nane, ikama ni karatasi, mshahara ni bajeti, kibali kinatoka Utumishi na kinakuja kwa wakati wake. Kwahiyo usije na ombi moja la "tupeni watu wawili" ukajibiwa hapana ukaondoka. Njoo na ngazi tatu: nini mnaweza kupunguza wenyewe, nini hospitali inaweza kufanya kwa mapato ya ndani, nini kiingie kwenye maombi ya ajira ya mwaka ujao.

Hiyo asilimia 20 yako ndani yake kuna nini? Fomu za bima zijazwe na fizio mwenye digrii kwa sababu gani? Karani wa nusu siku anatosha. Ikishuka ikawa 12, 4.125 gawanya kwa 0.88, jumlisha robo, unapata 4.9. Umeokoa nusu mtu na hujaajiri fizio yeyote.

Na la mwisho, hii hesabu usiitumie kumpima mtu mmoja mmoja. Nimeona idara moja mkuu kaibandika ukutani, fulani kaona 14 fulani kaona 9. Wiki ya pili kila mtu anagombania magoti ya OPD, wodini hakuna anayepanda.

Mnyamwezi Leicester

Katibu heshima yako. Kwenye ngazi ya kwanza ongeza madarasa ya pamoja. Maumivu ya mgongo ya kawaida na magoti ya wazee, watu wanane saa moja, mazoezi yaleyale. Wanane mmoja mmoja kwa nusu saa ni saa nne.

Fizio wa Wodini

Chumba chetu kina vitanda viwili na baiskeli moja isiyo na pedali, watu wanane tutawaweka mapajani. Ila kuna ukumbi wa kliniki ya mama na mtoto, mchana hauna mtu. Nitauliza.

Kikao Alhamisi. Nitaleta mrejesho.

mlalahoi_TZ

Nimekaa pale 🪑

Fizio wa Wodini

Mrejesho wakuu. Samahani nimechelewa, mtandao.

Mkuu wa idara alinipa mimi niongee. Swali la kwanza lilikuwa lilelile, kwa siku mnaona wangapi. Nikasema arobaini na sita, na kila mmoja wao anapata nusu ya muda wake, hii hapa. Nikagawa karatasi mbili tu. Daktari mmoja wa magonjwa ya ndani akaenda moja kwa moja kwenye ule ukurasa wa wanane, akakaa nao kimya, baadaye akasema huyu namba tano alikuwa wa kwangu, alirudi na kidonda cha mgongo. Hapo mjadala ukabadilika, hata mimi sikuongea tena sana.

Tulichopata: fizio mmoja wa mkataba miezi sita kwa mapato ya ndani, karani wa bima siku tatu kwa wiki tutagawana na idara ya meno, ukumbi wa kliniki Jumanne na Alhamisi mchana. Wa pili ameandikwa kwenye maombi ya bajeti, huko ndio tusubiri. Rejista mpya ina safu ya dakika, tumeichora tena kwa rula ileile.

Kijana wa Mionzi

Hongera sana mkuu. Naomba hilo faili la Ekseli. Nimejaribu mwenyewe hapa siku za kazi nimepata 208 sio 216, wewe umetoa wapi nyingine nane?

Fizio wa Wodini

Nimekutumia PM. Wewe umeweka likizo 28. Zile 28 za kisheria zinahesabu na Jumamosi na Jumapili, na hizo wikiendi ulishazitoa pale ulipozidisha kwa 5. Siku za kazi zinazoondoka ni 20. Na usisahau kutumia dakika za kukubaliana mezani, sio za saa.

Kijana wa Mionzi

Nimeweka 20. Tumekaa wanne tumebishana kuhusu ile lifti tu nusu saa nzima. Imetoka 0.5, na hapo zamu za usiku sijazigusa.